Sadaka ya Vidonge

Jumatano. Mvua ya alfajiri imeitotesha Likoni, kisha jua likatoka kali. Nimechoka, ila usingizi hauji.

Siku hizi shangazi yangu Mwanajuma, ninayeishi naye, akiinuka kutoka kwenye sijida hushika ukuta. Yeye anasema ni uzee. Mimi mtu wa kuchokonoa mambo, na uzee ninaoujua hauvamii kama mgeni asiyepiga hodi.

Leo asubuhi nikamwomba anionyeshe dawa zake. Akatoa vidonge vya presha vya kliniki. Kisha akatoa pakiti nyingine, ya rangi tofauti.

"Hizi za marehemu Mzee Athumani," akasema. "Mkewe, Bi Saumu, alizitoa sadaka baada ya hitima. Kanzu walipewa wanaume, dawa tukapewa sisi wenye maradhi. Ulitaka zitupwe, mwanangu? Si israfu hiyo?"

Mzee Athumani alikuwa jirani yetu, naye alikuwa na presha. Basi shangazi humeza yake asubuhi na ya marehemu jioni, na kila akimeza humwombea rehema.

Nilicheka. Kisha nikaogopa.

Nikazipeleka pakiti zote mbili duka la dawa. Mfamasia akanionyesha maandishi madogo: majina makubwa ni mawili, dawa ni ile ile moja, tena ya marehemu ina nguvu zaidi. Akasema shangazi asimeze kidonge kingine chochote kabla ya kupimwa.

Kliniki wakaikuta presha iko chini mno. Wakamlaza hadi alasiri, wakatueleza lini aanze tena zake, zake tu. Sasa hajambo, alhamdulillahi.

Nikadhani udadisi wangu umemaliza kazi. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, shangazi akasimama njiani.

"Na wenzangu? Tulipewa wengi siku ile."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Mzee Athumani alikuwa na maradhi mengi, na sijui nani anameza nini, wala kwa ajili ya nini. Anayejua ni mjane wake peke yake, naye yumo edani.

Sadaka hairudishwi, ndivyo tulivyolelewa. Hata hivyo asubuhi nitapiga hodi kwa Bi Saumu. Nitaketi, nitampa pole tena. Halafu nitamwambiaje kwamba thawabu anazomtumia mumewe zinaangusha majirani?