Shingo ya Gitaa Uliloniachia

Kaka Wani,

Sijui kama huko uliko watu hukasirikiana. Mimi huku nimekukasirikia, na nimechoka kuwaficha wanaokuja kutupa pole. Wakinikuta nimekaa kimya wanadhani ni huzuni. Huzuni ipo. Lakini siku nyingi ni gitaa lako.

Baba wadogo walipogawa vitu vyako, pikipiki ilikwenda kijijini Rejaf, na gitaa Mama akalishika yeye mwenyewe. Akasema ni la huyu msichana, akinionyesha mimi, na halitoki kwenye nyumba hii. Hakuna aliyebisha. Mimi nililia kwa furaha, kama mtu anaruhusiwa kufanya hivyo matangani. Halafu nikajaribu kulipiga.

Wewe hukuwahi kuona shida ya ile shingo kwa sababu ilikaa mkononi mwako kama mchi kwa mtwangaji. Nene, ya mviringo huku nyuma. Kidole gumba chako kilipita juu kikakanyaga uzi mnene, vidole vingine vikabaki huru kufanya mambo yao. Changu hakifiki hata ukingoni. Unakumbuka tulipokuwa ukimbizini Kitale, ulivyoweka kiganja chako juu ya changu ukacheka? "Huu mkono ni wa kalamu," ukasema. Nilinuna mpaka jioni, ukaninunulia muwa.

Na ile vanishi ya kung'arisha mbao. Uliisugua yote kwa msasa, umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, unasema jasho la Juba na vanishi haviwezi kuishi nyumba moja. Mbao imebaki laini kama sabuni iliyotumika. Pale gumba lako lilipozoea kutua pana doa jeusi la mafuta ya mkono. Langu likitua, linatua chini yake kidogo. Kila mara, chini yake kidogo.

Hotelini kando ya mto, ulikokuwa ukipiga usiku, hawakungoja. Wameleta bendi kutoka Kampala, na upepo ukivuma kuja huku kwetu Malakia tunaisikia mpaka ndani. Lakini kanisani walinipa mimi nafasi yako. Mwangi wa kinanda, yule Mkenya wa benki, alisema ibada bila gitaa la mbele ni chai bila majani. Nikakubali. Tenzi zile za kawaida niliziweza, kiganja kikiniuma tu. Ni wimbo wako ulionishinda, ule uliotunga mwaka tuliorudi baada ya amani.

Ni ile noti ya mwisho, Kaka. Gitaa lako lina freti ishirini na moja, vile vyuma vyembamba vinavyolala juu ya shingo, na noti uliyoitaka wewe iko hatua moja mbele, mahali ambapo vyuma vimekwisha. Mtu mwingine angeshusha wimbo. Wewe ulikanyaga chuma cha mwisho ukausukuma uzi kando, mpaka sauti ikapanda polepole ikafika. Mimi hata kufika huko ni taabu. Shingo inapokutana na mwili wa gitaa pana kisiki cha mbao, mkono wangu unagonga hapo. Nikijinyoosha nikafika, nguvu ya kusukuma sina. Sauti inabaki njiani.

Unajua wanakwaya wamefanya nini? Wakaanza kunisaidia. Nikifika pale, Mama Keji na wenzake wanaiimba ile noti midomo imefungwa, taratibu, ili watu wasisikie kwamba nimeshindwa. Kwa upendo kabisa. Mara ya kwanza nilitaka kuwakumbatia. Baadaye nilitaka kulitupa gitaa dirishani na mimi nilifuate.

Kila mtu ana ushauri. Mwangi aliniambia, "Siste, hiyo si shingo, ni rungu. Tafuta nyembamba." Nikaenda mtaa wa Hai Jalaba kwa Msomali mmoja anayeuza chaja na tochi, akanishushia gitaa jekundu akazihesabu freti kwa ukucha, mpaka ishirini na nne. Akauliza langu lina ngapi. Nilipomwambia, akanionea huruma. "Hapa kuna tatu za bure, dada. Sasa unangoja nini?" Nikamwambia nangoja kufikiri. Akasema kufikiri hakulipishwi, nikae, akaniagizia chai.

Kumbe sikuwa na haja ya duka. Taban analo la namna hiyo, aliletewa na mjomba wake. Taban unamkumbuka, yule anayechomelea milango, aliyekaa karibu na spika yako siku za mazoezi akautazama mkono wako tu. Shingo ya gitaa lake ni nyembamba na bapa, kama rula. Hajalipenda tangu alipolipata. "Sister, mimi iko na mkono kubwa," aliniambia. "Hii kitu nikishika, nashika hewa." Huko juu, anasema, vidole vyake vinasukumana kama watu kwenye tangi la maji.

Akaniazima.

Kaka, mkono wangu ulikimbia. Ningependa kukuambia vingine. Kila nilichokuwa nikikiwaza kichwani kilitoka kwenye vidole, na maumivu ya kiganja yakaisha kama yaliyosahau kuja. Niliona haya, nikalifunika lako kwa kitenge.

Jumapili nikaenda nalo. Noti yako ilikuwa pale pale chini ya kidole, freti ya ishirini na mbili, hakuna cha kusukuma. Niliikanyaga ikatoka safi. Wanakwaya wakabaki wamesimama, midomo nusu wazi, wananitazama. Hawakujua kwamba wimbo umekwisha. Kwao unaisha sauti ikipanda, na yangu haikupanda kokote, ilikuwa imeshafika. Mchungaji akatuokoa kwa kusema tuombe.

Nyumbani nilijaribu kuusukuma uzi kutoka ya ishirini na moja, kama wewe. Unasukumika. Lakini ile shingo inateleza kiganjani, gumba halina pa kujikaza, na sauti inatetemeka kama ya mtu anayejifanya analia. Nilijaribu mpaka jirani akazima redio yake, nadhani kwa kunihurumia.

Halafu siku Taban alipokuja kuchukua lake, nilikwenda ndani kumtafutia mkoba wa gitaa. Lako lilikuwa kwenye kiti chini ya rakuba, kile kibanda cha kivuli uani. Nikasikia unapiga.

Nisikilize vizuri. Sisemi ilikuwa sauti iliyofanana na yako. Ni wewe. Ule mchuruziko wa uzi mnene chini ya gumba, kule kuchelewa kidogo kabla ya kugeuka, na mwisho ile sauti ikipanda bila haraka. Nilipotoka nilimkuta Taban amefumba macho, shingo ya gitaa lako imejaa mkononi mwake, gumba lake juu ya lile doa. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko.

Nilimwambia Taban aache. Sikusema kwa adabu.

"Mwache apige," Mama akasema.

Miezi yote ile nilikuwa nakutafuta ndani ya ule mti, na yeye, mchomelea milango, amekaa chini akakupata kabla chai haijapoa. Ningeweza kumpiga kofi. Mama akamwambia arudi kesho. Akarudi, na kesho yake tena. Mama anamwekea sukari nyingi kwenye kikombe chako, kile chenye mpini uliovunjika, naye anapiga mpaka jua linazama, na mimi niko jikoni nasonga ugali kama nina ugomvi nao.

Mwishowe Taban akaniuliza kwa aibu kama tunaweza kubadilishana. Mama akasikia, akakataa kabla sijajibu. Apige hapa, akasema, kila siku akitaka, ila hakitoki kitu. Basi tukaendelea hivyo, na mimi nikawa mlinzi wa gitaa ambalo siwezi kulipiga, nikiazima kwa wiki lile ninaloweza. Ulijua haya? Ulipoliacha, ulifikiri nitalifanyia nini? Sitaki kusema vibaya na marehemu, lakini ulikuwa na muda wa kuniambia neno moja. Wiki nzima ya homa uliongea habari za mpira.

Nilimwendea Mama akichambua mboga. Nikamwambia nataka tubadilishane. Hakuinua kichwa.

"Unampa mtu mkono wa kaka yako?"

"Mama, mimi nataka kupiga," nikasema. "Sitaki kulinda."

Alimaliza fungu lote la mboga. Kisha akanawa, akaingia ndani, akalitoa yeye mwenyewe, akalifuta vumbi kwa ncha ya tobe alilojitanda. Taban alipokuja akamkabidhi. Alimwambia jambo moja tu, kwamba asije akaipaka hiyo shingo vanishi. Taban akapokea kwa mikono miwili, na macho yake yakawa hayajui pa kutazama. Mama hakuniongelesha siku ile wala iliyofuata. Sasa ananiongelesha, lakini kuhusu chumvi na mkaa.

Kwa hiyo tunapiga wawili. Tenzi ni zangu, na mkono wangu una furaha ambayo mimi mwenyewe bado sijaikubali. Wimbo wako ni wake. Wanakwaya wamerudi kuufunga vizuri, watu wanafuta machozi, na Mwangi ananikonyeza kama vile tumeshinda kitu. Hajui kwamba kila Taban anapokaribia mwisho mimi huweka gitaa chini nikatoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha tangi la maji la kanisa mpaka waseme amina. Mama anajua. Ananitazama nikitoka.

Bado nimekukasirikia, Wani. Nakuambia kwa sababu nimeona kwamba hasira haikupunguzi, wala hainipunguzii mimi chochote. Mvua ikipungua nitakuja Rejaf na Mama kupalilia pale ulipolala. Pumzika, ndugu yangu. Na Jumapili hii, nakuahidi, sitatoka. Nitabaki karibu na Taban, nimpigie mdundo chini yake, mpaka amalize.

Mdogo wako