Risasi Zenye Pua Fupi

Shangazi Mwanamize,

Shikamoo kutoka Ruwais. Kasuku wa Mama sasa anasema "yalla", haya twende, kama Waarabu wa hapa.

Kaka Jabir amepata bastola fupi. Risasi alizomimina mwenyewe zilitokeza mbele ya silinda, ikakataa kuzunguka. Akaniletea kurasa za Kiingereza za orodha ya kalibu: "Nisomee, msomi wetu! Kalibu ipi ina pua fupi?" Niliona haya kumkatalia, nikamchagulia. Jana silinda ilizunguka bila kukwama. Akanibusu kichwani: "Kafili, mdhamini wangu aliyeninyima ikama ya kuishi hapa, atanisikiliza sasa."

Asubuhi hii amepanda basi la Riyadh. Atafikia kwako kwanza, ndipo aende kwa kafili. Natuma barua hii kwa simu ili imtangulie.

Shangazi, wewe ndiye uliyemnyonyesha. Akikupa mkono, usiuachie.

Mwanao,
Wafaa