Batri Iliyonyweshwa Maji ya Baraka

Mshauri wetu,

Nakuandikia nikiwa mwanaume mwenye haki ambaye nyumba yake nzima imemgeuka, na naomba unisaidie upesi, maana ndoa ya binti yangu Noëlla ni Jumamosi inayofuata Pentekoste, na mama yangu mzazi ameapa kwamba kigari chake kisipomfikisha kanisani haendi, atabaki hapa Nyawera akisali rozari peke yake, na bibi asipokuwepo kumbariki mjukuu mbele ya watu, kwetu hiyo ni ndoa kweli au ni mkutano tu wenye keki?

Ngoja nieleze kigari. Mama yangu, Maman Cibalonza, alimpikia kwa miaka mingi bibi mmoja Mbelgiji wa Muhumba, na yule bibi alipozeeka wanawe wakamletea kutoka Ulaya kigari cha magurudumu matatu kinachokwenda kwa umeme, hakina moshi, hakina kelele, batri mbili kubwa zimelala chini ya kiti na kuna chargeur ya kuchomeka ukutani, na alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia mama, kwa sababu miguu ya mama ilikuwa imeanza kuikataa milima ya Bukavu, na hata mwenye miguu mizuri hapa mjini husimama katikati ya mlima akijifanya anatazama ziwa. Mama anakiita “ng'ombe yangu”. Tangu alipokipata amekuwa mtu tena, Misa anakwenda mwenyewe, soko mwenyewe, matanga mwenyewe, ameketi wima na kitenge chake kama mke wa mwami, mtawala wetu wa jadi, na mimi mwanawe nilifurahi kuliko wote, hilo naomba ulikumbuke utakapoanza kunihukumu.

Sasa mimi ni mwalimu wa Kilatini, lakini baba yangu marehemu alikuwa mpikaji wa kasiksi kule Nyangezi, na kila aliyekulia kwenye pombe ya ndizi anajua kanuni ya kwanza, kwamba humimini pombe mpya juu ya masalio, lazima mtungi uishe, ukauke, uoshwe, ndipo ujazwe, ukichanganya ya jana na ya leo zote zinaharibika. Nikasema kanuni ni kanuni. Batri haitachajiwa mpaka umeme wa zamani umalizike wote. Mama akirudi kutoka Misa na batri bado ina nguvu, mimi mwenyewe, na suti yangu, nakaa juu ya kigari nakizungusha uani, taa imewashwa, nabonyeza honi, mpaka kinyamaze chenyewe. Jirani wetu Donatien alileta kiti chake kando ya ua ili atazame. Mke wangu Nsimire alitoka jikoni na mwiko mkononi:

“Papa Noëlla, uko nafanya nini?”

“Niko namaliza courant ya zamani.”

“Ah! Na courant njo inazeekaka?”

“Maman Noëlla, rudi ku jikoni. Hii ni mambo ya masomo.”

“Masomo gani ya kuzunguka muti ya avoka? Hata mbuzi inakuangalia na huruma.”

Tangu siku hiyo anachaji kwa siri. Mimi nikiwa shuleni, yeye anachomeka. Niligundua kwa kushika chargeur na kuikuta ya moto kama chungu cha maharagwe, nikaita kikao cha familia, nikamshtaki mbele ya ndugu zangu kwamba anaiua batri ya mama kwa kuilisha kabla haijasikia njaa, na nikaweka ufunguo wa kigari na chargeur yake ndani ya kabati langu.

Kisha likatokea la aibu. Nilikuwa nimemaliza umeme vizuri kabisa, na ule wa mjini ukakatika, na ukaendelea kukatika, unajua mwenyewe jinsi unavyokuja siku hizi, unapiga hodi na kuondoka kabla hujafungua mlango. Batri zikakaa tupu karibu juma zima. Ulipopatikana kidogo nikachaji kidogo, mama akasema anakwenda kwenye matanga ya rafiki yake, na palepale mlimani, mbele ya soko, saa ya watu wengi, kigari kikafa. Vijana wa soko wakamsukuma mpaka nyumbani wakiimba nyimbo za mpira, “Maman oyé! Maman oyé!”, na mmoja akamtangulia akipunga shati kama bendera. Mama alishuka, akaingia chumbani, na mpaka leo hazungumzi nami ila kwa kupitia mbuzi: “Wee mbuzi, ambia mwalimu chakula iko tayari.”

Mdogo wangu Gérard ametoa shauri kwamba siku ya ndoa tumbebe mama kwa kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, wanaume wanne, tuweke maua. Mama alitoka chumbani kwa ajili ya hilo tu. “Kipoyi ilikuwaka ya muzungu, ikabakia ya mugonjwa na ya maiti. Miye niko muzungu? Niko maiti? Nitaingia ku kanisa yangu nimekaa juu ya ng'ombe yangu, ao siingii.”

Na usiniambie hatuzitunzi batri zenyewe. Nazichajia sebuleni, mahali pa heshima, chini ya sanamu ya Bikira Maria, na mshumaa wake unawaka daima. Hata maji hazikosi. Mama alimwona zamani dereva wa yule Mbelgiji akifungua vifuniko na kuzinywesha, basi kigari kilipoanza kuchoka naye akazinywesha, na si maji ya bomba, ni maji ya baraka ya Jumapili.

Basi sema, mshauri. Je, si kweli kwamba mke wangu ndiye ameziua batri kwa kuchaji ovyo? Nimewaahidi wote, mama, Nsimire, Gérard na hata Donatien, kwamba nitawasomea jibu lako Jumapili baada ya Misa.

Ignace, Nyawera


JIBU

Ignace,

Umeahidi kuwasomea. Vizuri sana. Simama basi, rekebisha miwani, soma kwa sauti, na usiruke mstari. Donatien, kama ameruka, nyoosha mkono.

Mke wako ana haki. Rudia. Mke wako ana haki.

Kasiksi ni kasiksi na batri ni batri. Ndani ya hizo zako kuna mabamba ya madini ya risasi yaliyozamishwa kwenye asidi. Kila unapotumia umeme, mabamba hayo huota ukoko mweupe. Ukichaji mapema, ukoko ungali laini, unayeyuka na kurudi ulikotoka. Ukiiacha batri tupu, ukoko unakuwa mgumu kama ugali uliolala chunguni, na hakuna chargeur ya dunia hii itakayoubandua. Kwa hiyo batri ya namna hiyo haitaki kuisha. Inataka kukaa imejaa. Mama amerudi sokoni? Chaji. Amekwenda kwa jirani tu akarudi? Chaji. Umeme wa mjini umepiga hodi? Kimbia, chaji, kabla haujaghairi! Katika mji ambao umeme huja kama mgeni asiyeaga, wewe peke yako uliamua kungoja batri ikauke ndipo uanze kuutafuta. Na lile juma zima la utupu liliziumiza kuliko milima yote ya Bukavu.

Nimefundishwa niwe mpole na wasomaji wangu, lakini ruhusu nikasirike kidogo, maana ugonjwa wako si wako peke yako. Nchi yetu nzima imeendeshwa kwa kanuni yako ya mtungi. Barabara tunaitumia mpaka iishe, ndipo tunauliza koleo liko wapi. Hospitali tunaitumia mpaka dawa ya mwisho, lori mpaka skrubu ya mwisho, uvumilivu wa raia mpaka tone la mwisho. Kisha tunashangaa kwamba Zaïre imesimama katikati ya mlima na vijana wanaisukuma wakiimba. Na anayetaka kujaza kabla ya kuisha tunamwitia kikao cha familia! Nsimire, dada yangu, kama ungekuwa waziri ningekupigia kura, siku watakapotuachia tupige kura.

Sasa mshumaa. Batri inapochajiwa inachemka polepole na kutoa hewa isiyoonekana, na hewa hiyo inashika moto. Wewe umechukua batri mbili zinazotoa hewa hiyo, ukazifungia sebuleni, ukawasha mshumaa juu yake. Ignace, hukumwekea Bikira Maria heshima, ulimwekea baruti miguuni, ukamwachia na kazi ya kuizuia isilipuke. Amefanya kazi nzuri mpaka leo. Usimchoshe. Toa kigari kwenye baraza, penye upepo, mbali na mshumaa, jiko na sigara ya Gérard, fungua vifuniko vya upepo kama vipo, na chaji polepole usiku kucha. Zikijaa, chomoa. Kuchaji mfululizo bila kukoma huchemsha maji yote na kuacha mabamba uchi.

Nafika kwenye maji, na hapa nazungumza na Maman Cibalonza kwa heshima zote. Maman, uliona kiumbe chako kina kiu, ukakipa kilicho bora kuliko vyote ulivyonavyo. Sina neno nawe. Nina neno na mwanao. Ignace, wewe ni mwalimu wa Kilatini. Umesaidia Misa tangu ukiwa mtoto. Unajua kwa moyo sala ya kubariki maji, na unajua kabla ya hiyo kuna sala gani. Ni sala ya kubariki chumvi! Padri hutia chumvi ndani ya maji, nawe umemwona akitia miaka yote hii. Na chumvi ndani ya batri ni sumu. Ulisimama pale, na Kilatini chako chote, ukaangalia chumvi ikiingia, ukaona ni matunzo.

Batri hunywa maji ya batri tu, yale safi kabisa ambayo gereji hutumia, hayana chumvi wala chokaa. Huongezwa baada ya kuchaji, si kabla, yafunike mabamba na kupita juu yake kidogo, basi. Yakijaa mpaka mdomoni, asidi itafurika na kula kitenge cha mama. Kabla ya kuchaji unaongeza pale tu ambapo mabamba yameanza kuonekana, tena kiasi cha kuyafunika.

Sasa ndoa. Kwanza muulize mama, kwa sauti ya mtoto, alizinywesha zote mbili au moja tu. Nakujua, utatuma mbuzi. Hapana, nenda mwenyewe, piga magoti. Kisha zote mbili zipelekwe kwa fundi wa batri, apime kila tundu, naye ndiye atakayeshika asidi, si wewe. Ile iliyobatizwa, nakwambia mapema, imekwisha kupumzika kwa amani. Ile nyingine, kama haikuonja, huenda bado inahema, lakini usije ukaifunga pamoja na mpya. Je, utampa kijana mwenye nguvu na mgonjwa kubeba kipoyi kimoja? Mgonjwa ataanguka, na kijana atavunjika mgongo akimfuata. Batri ziwe mbili, za umri mmoja na ukubwa mmoja. Gérard alikuwa na wanaume wanne tayari kumbeba mama. Vizuri! Wanne hao hao wachange pesa za batri. Mabega yao yatapumzika na mama atafika akiwa ameketi anavyotaka.

Batri mpya zikishafungwa, zichaji mpaka zijae. Usizijaribu kwa kuzunguka mti wa avoka. Usibonyeze honi. Njia ya kanisani ipimeni siku kadhaa kabla, mama akiwa juu, muone mlima unakula kiasi gani, kisha mchaji tena usiku uleule. Zisitumike zaidi ya nusu ya nguvu zake. Ukiona kigari kimeanza kuvuta miguu, hilo si jambo la kucheka na kuendelea, ni ombi la kurudi nyumbani. Mwenye akili zake hakamui ng'ombe mpaka itoke damu, na hilo wazee wa Nyangezi walilijua vilevile kama walivyoijua kasiksi. Kwa nini ulirithi mtungi tu?

Ufunguo na chargeur vitoke kabatini leo hii, mbele ya watu walewale uliowaitia kikao, vitiwe mkononi mwa Nsimire, na maneno yatakayofuatana navyo ni haya: “Maman Noëlla, nilikosea.” Hakuna Kilatini. Ukimaliza, omba chakula.

Na sikuahidi muujiza. Batri mpya nazo huchoka, na mlima wa kanisa ni mlima. Kwa hiyo Jumamosi ile, bibi atakapoanza kupanda na kitenge chake cha sherehe, wewe tembea nyuma ya kigari, karibu, kama mwana anavyomsindikiza mama yake. Ukisikia kinaanza kunung'unika, vua koti, legeza tai, tia mikono miwili nyuma ya kiti, na sukuma. Usiheme kwa sauti. Vijana wa soko wasiimbe. Na akigeuka kukuambia, “Umeona ng'ombe yangu?”, mwambie: “Ndiyo, mama. Iko na nguvu sana.”