Anayefungwa Anapepea

Kaka yangu mpendwa,

Nimenunua kompyuta mpya. Najua swali lako la kwanza lingekuwa kama mchezo wa mpira unaenda. Unaenda, kaka. Unaenda vizuri mpaka unaniudhi.

Unaikumbuka ile yetu ya kwanza, aliyotuletea Baba nyumbani Mutakura kutoka bohari alikofanya kazi, kule Zone Industrielle, walipokuwa wanatupa vitu vya ofisi? Kilikuwa kizee. Tulipokiwekea mpira, mchezaji aliinua mguu, na mtu angeweza kwenda kunywa maji akarudi akaukuta mguu bado uko hewani. Mimi nililia. Wewe ukaingia kwenye mipangilio ukaanza kupunguza. Ukatoa vivuli. Ukatoa majani, uwanja ukabaki kijani kitupu kama meza ya plastiki. Nikakuomba utuachie mashabiki wa jukwaani angalau.

"Acha nitoe watu mu tribine," ulisema. "Hakuna mutu anatusaidiaka kufunga."

Mwisho ukashusha ubora wa picha mpaka chini kabisa. Nyuso zikafutika, na mpira ukaanza kukimbia.

Tangu siku ile tuliwajua wachezaji wetu kwa mwendo, si kwa sura. Yule beki mzito asiyependa kugeuka tulimwita Baba, na Baba mwenyewe akitoka kazini alikuwa anauliza leo amechezaje.

Hata hivyo kizee kilichemka. Ukakifungua ubavu, ukaweka sheria: anayefungwa bao anapepea mpaka mashine ipoe, ndipo tuendelee. Tulitumia kile kifuniko cha ndoo ambacho Mama alipepelea mkaa, naye akawa anakidai kutoka jikoni huku maharage yake yamegoma kuiva. Aliyepepea zaidi ni nani, unajua. Mkono wangu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto mpaka leo, na mwenye kosa ni wewe.

Kisha ukaugua. Ugonjwa nao ukawa unapunguza: kwanza kazi, halafu kutembea, halafu chakula. Siku ile hospitalini joto lilikuwa lile la kabla ya mvua, hewa imesimama. Nilikaa kando ya kitanda nikikupepea kwa kipande cha katoni. Ulikuwa umefumba macho, nikadhani umelala.

"Sasa, leo nani alifungwa?" ukauliza.

"Ni mi."

"Basi pepea. Usichoke."

Sikuchoka, kaka. Niliendelea hata baada ya muuguzi kunishika bega na kuniambia inatosha.

Sasa naishi Musaga, na mashine hii mpya inaonyesha kila jani la uwanja na jasho la kila mtu. Nimemwona beki wetu. Kumbe ana madevu, na hereni sikioni. Baba sijamwambia, na sidhani kama nitamwambia. Nilikaa nikiwatazama wale watu wenye sura zao safi, na sikumjua hata mmoja. Nilikukosa kuliko siku tuliyokuzika.

Basi nikaingia kwenye mipangilio, nikafanya ulivyofanya. Vivuli, majani, mashabiki, vyote nikatoa. Nikashusha picha mpaka chini kabisa, na wakarudi wetu, bila nyuso, Baba akiwa nyuma anajivuta. Nilifurahi. Nakuambia kweli, kwa muda mfupi nilifurahi kabisa.

Kisha kompyuta ikanifunga bao. Nikasimama bila kufikiri, nikaenda jikoni, nikatoa kifuniko cha ndoo. Niliporudi nikaweka mkono juu ya mashine, nikaikuta baridi.

Pumzika, kaka. Huku nimefungwa, na sina cha kupepea.

Mdogo wako