Nimeshachuma Zeituni za Urithi Ninaoambiwa Niukatae

Bi Rayna mpendwa, nakusoma kila Jumamosi na sikuwahi kufikiri ipo siku nami nitakuandikia, ila safari hii yamenifika, naomba unisaidie na jina langu ulifiche na ya wenzangu uyabadilishe, maana mji wetu huu wa mpakani, Petrich, ni mdogo na mume wangu naye anakusoma ingawa anakataa. Mama yangu mkubwa Sevda, dada wa mama, alivuka mpaka akiwa msichana kwenda kuchuma zeituni Ugiriki, akaolewa na mwenye shamba, akafiwa na mume, hakujaliwa mtoto, na Septemba naye akafariki, na wosia unasema nyumba yake ndogo na shamba la mizeituni ni vyangu mimi, Bi Rayna, mimi niliyekuwa namtembelea kila Pasaka nikimkanda miguu wala sikuwahi kumwomba hata kijiko.

Basi nyumbani pakawaka moto. Mume wangu, Blagoy, akasema niukatae urithi upesi kabla haujatumeza. "Mgeni akirithi Ugiriki ananyolewa bila maji," akasema, "na isitoshe sisi ni watu wa mafuta ya alizeti, mizeituni tuipeleke wapi?" Wifi yangu Tsonka, ambaye aliosha vyombo hotelini kule miaka miwili na tangu hapo anajua kila kitu, akaongeza kwamba mgeni hutozwa kodi mara mbili, kule na huku, na ukishindwa wanakuja kuchukua hata nyumba yako ya hapa. Nyumba tunayo moja tu, tumeijenga kwa mikono yetu, nikaogopa kweli. Wakili wa kule akaniambia kwenye simu nisiguse kitu mpaka niamue, kwa sababu anayeushika urithi kama mwenye mali huhesabiwa ameupokea, pamoja na kodi yake na madeni yake kama yapo. Nikamwitikia vizuri kabisa.

Lakini Novemba akanipigia jirani wa marehemu, Mzee Anestis, anafoka: "We binti, zeituni zinadondoka! Unasubiri nini?" Nikamwambia nasubiri wakili. "Basi mwambie wakili aje azishikilie mtini!" Nikamuaga Blagoy kwamba naenda kufagia kaburi, na kaburi nililifagia kweli, halafu nikatandaza nyavu chini ya miti, siku nne tukapiga matawi mimi na Mzee Anestis na mkewe, mgongo haunyooki, na sijapata kufurahi hivyo tangu niolewe, Mungu anisamehe. Tulipofika kwenye mashine ya kukamua, karani akauliza mwenye shamba nani, na kabla sijafikiri mdomo ukasema "Mimi!" nikaandika jina na kutia sahihi. Sasa madebe ya mafuta yako kwenye chumba cha chini ya nyumba, nyuma ya pipa la kabichi ya chumvi, na jana Blagoy kaisifu saladi mpaka kufuta bakuli kwa mkate, akauliza leo umetia nini, nikamjibu chumvi. Je, nimeshajifunga? Naweza bado kukataa? Tutapoteza nyumba yetu?

Mwenye Madebe, Petrich

Mwenye Madebe, pole kwa msiba. Hiyo ndiyo pole yako ya leo, mengine umejitakia.

Tuanze na wifi yako: mwambie arudi kwenye vyombo. Kodi ya urithi kule inafuata mahali mali ilipo, na kiwango chake kinatazama undugu wako na marehemu, hakitazami pasipoti. Mtoto wa ndugu hawekwi kapu moja na mtu baki. Na huku kwetu, ukileta ushahidi kwamba shamba limeshalipiwa kodi Ugiriki, hudaiwi tena kwa shamba lilelile, kwa hiyo kila karatasi utakayopewa itunze. Kodi ipo, sikufichi. Lakini hakuna aliyekaa chini akaikadiria ya kwako. Nyumba nzima inatetemeka kwa hesabu ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeiona!

Sasa wewe. Umeambiwa usiguse, ukaitikia vizuri, kisha ukaenda ukagusa kila mti. Ewe mwanamke! Kuchuma peke yake wakili hodari angekutetea, angesema uliokoa mavuno yasioze. Ila kutia sahihi kama mwenye shamba na mafuta yenyewe mnayala, hapo atatoka jasho. Labda mlango wa kukataa haujafungwa wote, muulize. Mimi nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta uliposema hulitaki shamba, sikupaona. Asiyelitaka ni Blagoy, na wosia haukumtaja.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo piga simu uulize mwisho wa kupeleka taarifa ya kodi ya urithi ni tarehe ngapi, kwa sababu kuchelewa kuna faini. Jumatatu panda basi ukamweleze wakili yote, na habari za mashine usimfiche, yeye yuko upande wako. Akuangalizie kama Sevda aliacha deni, maana hilo ndilo linaloweza kukufuata mpaka nyumbani. Kama hakuna, chukua namba ya mlipa kodi, kodi ikadiriwe, uulize kama wanapokea kwa awamu, kisha andikisha hati kwa jina lako.

Lakini kabla hujakanyaga basi hilo, mkalishe mumeo mchana, akiwa ameshiba. Mwambie kuna shamba, na kwamba unalitaka. Atakuuliza uliamua lini. Usimwambie bado unafikiria. Mwambie uliamua mbele ya karani, bila kumuuliza yeye, na hilo ndilo unalomwomba msamaha. Shamba usiliombee msamaha.

Bi Rayna