Picha za Sigara za Marehemu Khamis

Wadi Kabir, Maskati
1966

Mama yangu mpenzi,

Nakubusu mikono yote miwili, na namuomba Mungu barua hii ikukute umekaa kitako na kahawa yako, goti limetulia. Baba naye kifua kinamwachia apate usingizi? Sisi huku wazima, mimi na Seif, ila joto ndilo linalotuonea.

Uliniuliza kama nna raha, nami sikukujibu. Leo nna la kukujibu.

Seif akishatoka asubuhi kwenda kazini bandarini Matrah, mimi hubaki na mama yake, Khalti Moza. Khalti hajui Kiswahili, na Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusomea Kurani si cha kuzungumza. Siku moja nlitaka kuomba chumvi nikasema neno jengine kabisa, majirani waliokuwapo wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Tangu hapo nikawa nanyamaza. Tukipika pamoja, tukiteka maji kisima kimoja, na siku nzima hupita hatujaambiana zaidi ya salamu. Nlidhani hanipendi. Nlikuwa nikilia jikoni, Seif asijue.

Basi mwezi uliopita Khalti alifungua sanduku la mwanawe mkubwa, marehemu Khamis, aliyekwenda Bombay kufanya kazi akafia huko kwa homa. Alitaka kuzianika nguo juani. Chini ya nguo pakatoka kopo la biskuti, na ndani yake picha za sigara, zile zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakti. Zile za wachezaji wa mpira, mama, zile zile tulizokuwa tukizikusanya mimi na kaka Hamoud. Khalti kazitazama mara moja, akasema nyumba ya sala haikai na mapicha ya watu asiowajua, akalichukua kopo kwenda nalo jikoni kwenye moto.

Sijui ulimi nliupata wapi. Nlimshika mkono nikamwambia kwa Kiarabu changu hicho hicho kibovu:

"Khalti, usizichome. Mimi nnazijua hizi."

Kasimama, nadhani kwa kustaajabu kunisikia. Nikakaa mkekani nikazimwaga, na mikono ikafanya kazi yake yenyewe, kuzigeuza, kutazama nambari za nyuma, kuzipanga. Nlisahau joto, nlisahau niko wapi. Hata ile harufu ya tumbaku ilikuwa bado imo. Mara ya mwisho kuzishika ni kabla sijavaa buibui, na sikujua kama nlikuwa nazitamani kiasi hicho.

Khalti naye akakaa. Akamwekea kidole golikipa mwenye kofia, akauliza huyu nani. Nikamsomea Kiingereza kilichoandikwa nyuma na kumfasiria: babake alikuwa mchimba makaa, na siku moja yeye alidaka mpaka mwisho wa mchezo na kidole kimevunjika. Akauliza, na huyu? Na huyu? Kila nlipokwama kwa neno alinipa yeye, pole pole, kama anavyofundishwa mtoto kusema. Nakushukuru mama, wewe uliyenipeleka skuli na wenzako wakakusema.

Kisha nikamwonesha kuwa marehemu hakuzirundika tu. Alizifuatisha kwa nambari, zilizochakaa pembe kazifunga karatasi laini, na pale ilipokosekana moja kaweka kipande kitupu mahala pake.

"Hii alikuwa akiitafuta," nlimwambia.

Khalti akakishika kile kipande, akakigeuza huku na huku. Seif alinieleza baadaye kuwa mama yao hakupata kuliona kaburi wala kukutana na mtu aliyekaa na Khamis kule. Sanduku lililetwa na msafiri, akalitua mlangoni akenda zake.

Toka siku hiyo, alasiri zetu ni picha. Wale wale majirani walionicheka wanapekua masanduku ya waume zao na kutuletea, nami napata zangu katika zilizozidi. Khalti ndiye anayebadilishana, na hadanganyiki. Anasema hatoi mfungaji kwa beki, na mfungaji nani na beki nani nimemfundisha mimi. Nacheka, mama. Nazungumza. Nikikosea neno wananisahihisha tu, maneno yanaendelea.

Juzi jirani yetu Bi Raya alileta picha moja kaifunga kwenye pembe ya leso. Nlipoona nambari ni ile ya kipande kitupu, nikampa Khalti. Aliniambia nimsomee, kisha nimsomee tena. Akaiweka mwenyewe mahala pake, akafunika kopo.

"Sasa Khamis kamaliza," alisema.

Nlikhofia ndiyo mwisho wa alasiri zetu. Lakini jana kaniuliza kama siku hizi pakti za chai hazitiliwi picha, maana na yeye anataka aanze zake.

Nisalimie baba sana. Msalimie kaka Hamoud, mwambie dada yake bado anamshinda. Msalimie bibi na shangazi, na mke wa Hamoud ambaye nasikia anakaribia kujifungua, Mungu amfungue salama.

Khalti kanikuta naandika, kaniuliza namwandikia nani. Nlipomwambia, kakaa karibu yangu na kuniamuru nitie neno lake kama alivyolisema: "Mwambie mama yako asikeshe kwa khofu. Binti yake yuko kwa mama yake."

Mwanao akupendaye,
Zuwena