Mtoto Hakulia Nilipotoka

Bi Hajira wa ukurasa wa nasaha, shikamoo. Naitwa Waride, nimeolewa huku Mahege, nina mtoto mmoja, Shufaa, ndiyo kwanza anatembea kwa kushika ukuta, na nataka uniambie kama nimemharibu mwanangu au la, maana kwangu hakukaliki.

Walikuja watafiti wa chuo kikuu cha mbali, wakasema wanataka kujua watoto wa huku wanavyoshikamana na mama zao, tukaitwa kwenye darasa la shule, ndani mna zulia na midoli na kamera, nikaambiwa nicheze na mtoto kidogo, kisha aingie dada mgeni, nami nitoke nimwache naye, halafu nirudi, basi nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango nimetega sikio, kilio sikukisikia, niliporudi nikamkuta Shufaa kapakatwa na yule mgeni, anamvuta hereni, akanitazama mara moja, akaendelea na hereni. Nikacheka. Kumbe si la kucheka. Mkalimani wao, kijana wa mjini, alinifuata nje akaniambia, "Pole mama, mtoto wako anakukwepa." Nikamuuliza, na mwana wa jirani yangu Salama, aliyelia mpaka akatapika? Akasema huyo naye ana tatizo, anang'ang'ania kupita kiasi.

Maneno hayo yakamfikia mume wangu Gharibu kabla mie sijafika nyumbani. Akaniuliza, "Mtoto anakukwepa, kwani unamfanya nini nikienda shamba?" Bi Hajira, nililia, kisha nikaamua kumshikamanisha kwa nguvu, nikamwambia mama mkwe wangu, Bi Mwajabu, asimbebe tena, na mawifi wasimchukue, na majirani wasimwite, nikawa nashinda naye ndani, mlango nimeuegesha, mtoto analia anamtaka bibi yake, uji hataki, usingizi hataki, na bibi mwenyewe yuko barazani anasikia yote. Siku moja akafunga mzigo wake. Akasema, "Nimelea wanangu na wa wenzangu, leo nimekuwa ugonjwa wa kuambukiza," akaenda kwa mwanawe mwingine Kiongoroni, na simu zangu hapokei. Gharibu naye sasa kazi yake ni kunitoa nje ya nyumba kila akikumbuka, "Hebu toka nione kama atalia," na watafiti wanarudi wiki ijayo kurudia jaribio, anataka nimzoeze Shufaa kulia nikitoka ili tusiaibike tena. Nifanyeje?

Waride, Mahege

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikakasirika, na sehemu ya hasira ni yako wewe.

Nilipokupigia simu kwa namba uliyoiacha kwenye barua nilikuuliza, Shufaa akianguka anamtafuta nani? Ukajibu, "Mimi, au bibi yake, yeyote aliye karibu." Nikauliza, akishapakatwa? "Ananyamaza, anarudi kucheza." Basi. Anayekukwepa hafanyi hivyo.

Jaribio lenyewe, la kutazama mtoto anavyoachwa na anavyompokea mama akirudi, si uzushi. Lilitungwa na watu makini, huko ambako mtoto hushinda na mama yake peke yake na kupakatwa na mtu asiyemjua ni tukio. Kwenu, mtoto kabla hajaota meno ameshapita mikono ya mtaa mzima, wakiwemo waliokuja kuomba chumvi tu. Utamtisha na dada mwenye hereni? Wa Salama naye, yamkini hajawahi kufungiwa chumbani mbali na watu wote. Akalia, hata mie ningelia. Asiyelia ana kasoro, aliyelia ana kasoro. Walitaka wafanye nini, wapige chafya? Kipimo kikiwakataa watoto wa namna zote, kikaguliwe kipimo.

Mkalimani ndiye simsamehe. Neno ambalo wataalamu wenyewe wanabishana juu yake, yeye kalitafsiri kama anasimulia mtu anayemkwepa mgambo, tena kakupa majibu nje ya mlango. Nani alimtuma?

Lakini wewe, bibie! Umemwamini kijana aliyemwona mwanao muda wa kunywa chai, ukamzuia mwanamke aliyemwogesha tangu kitovu hakijadondoka. Mtoto alikuwa na watu wawili wa kuwaegemea, umemwondolea mmoja, sasa unashangaa analia. Umemfanya afiwe na bibi aliye hai.

Kesho mpeleke zahanati, mtoto anayekataa uji haachwi hivihivi. Na kulia usimfundishe, hakuzaliwa kuigiza. Watafiti wakirudi, waambie waje nyumbani, wakae jamvini kutwa nzima, wamwone mtoto akiwa na watu wake wote, na mkuu wao awepo, asitume ulimi wa mtu. Hawataki? Kataa. Hujaolewa nao.

Kabla ya hapo, mfuate Bi Mwajabu. Simu haitoshi. Teremkeni bandarini Nyamisati, mpande boti hadi Kiongoroni, umwambie mbele ya huyo mwanawe, "Mama, nilisikiliza wageni, nisamehe, turudi nyumbani." Akinuna, ngoja. Ana haki ya kununa.

Na Gharibu aende nawe. Mtu mzima mwenye ndevu anayemtoa mkewe nje ili ampime mtoto, mwenyewe hajapimwa na yeyote. Ambebe Shufaa njia nzima. Akilia botini, ambembeleze yeye. Wewe kaa upande wa pili, utazame mikoko, na Gharibu akikuita, usigeuke.